Jicho Likiingia Giza Kisha Likarudi, Nenda Hospitali Siku Hiyo Hiyo

Kinachowapotosha wengi katika hali hii ni kwamba haiumi. Jicho moja huingia giza, mara nyingi kama pazia linaloshushwa kutoka juu, kisha baada ya sekunde kadhaa au dakika chache uoni hurudi wote, na mtu huendelea na shughuli zake akiamini kwamba ni uchovu tu. Mimi lilinipata katika soko la Uyole, nikikagua magunia ya viazi: jicho la kushoto lilizimika, na kabla mwenzangu hajamaliza kuhesabu fedha nilikuwa naona tena kama kawaida.

Nilichofanya papo hapo ndicho ninachomshauri kila mtu. Nilifunika jicho moja, kisha la pili, ili nijue giza limo wapi. Daktari atauliza hilo kabla ya mengine, kwa sababu giza la jicho moja huelekeza kwenye jicho lenyewe au mishipa inayolilisha, ilhali upande mmoja ukipotea katika macho yote mawili, shaka huhamia kwenye ubongo. Na uoni ukisharudi, huwezi tena kulipima.

Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haivumilii kukosa damu. Mara nyingi chanzo kimo shingoni, katika ateri ya karotidi, yaani mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, ambamo mafuta hujijenga ukutani mwake miaka mingi bila dalili yoyote. Kipande humeguka, husafiri na damu, huziba kwa muda mshipa mwembamba wa jicho, kisha husambaratika na kupita. Bonge la damu laweza pia kutoka kwenye moyo unaodunda bila mpangilio. Likifuata jingine likaelekea kwenye ubongo, hicho ni kiharusi, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi katika siku chache za mwanzo, hasa saa 48 za kwanza.

Kwa hiyo sikuwasikiliza walionishauri, kwa nia njema kabisa, ninunue miwani au dawa ya matone. Zahanati itakupima presha na sukari, na hilo si dogo, lakini kwa sisi wa Mbeya na wenzetu wa Tukuyu au Chunya, rufaa iombwe siku hiyo hiyo kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Mimi nilipimwa lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, umeme wa moyo na mishipa ya shingo kwa utrasaundi, nikaonekana nina presha ya juu na mshipa ulioanza kuwa mwembamba. Nilipewa aspirini na dawa ya kushusha lehemu, nikaamriwa kuacha sigara, jambo lililonisumbua kuliko vidonge vyote. Aspirini hiyo usijinunulie dukani kwa kubahatisha, kwani daktari hutaka kwanza kuhakikisha kwamba hakuna damu inayovuja mahali.

Mzee aliyepita miaka 50 ambaye pia anaumwa kichwa kwenye panja, au taya humuuma anapotafuna, asisubiri hata kidogo: huenda ateri zake zimevimba, na bila dawa za steroidi, zinazotuliza uvimbe huo, mapema anaweza kupofuka moja kwa moja.

Usiendeshe gari wala pikipiki kwenda hospitali. Mwombe ndugu akusindikize, naye aandike ni jicho gani, lilianza saa ngapi, lilikaa gizani kwa muda gani, na dawa unazotumia.