Kisu cha kukunja mfukoni ukiwa Uingereza

Ndugu, umeuliza kama unaweza kubeba kisu cha kukunja na tochi ukiwa Uingereza. Kisu unaruhusiwa kutembea nacho bila kutoa sababu yoyote, mradi makali yake yasizidi inchi 3 (sentimita 7.62) na kisiwe cha kujifunga. Ni sheria ya makosa ya jinai ya 1988, kifungu cha 139. Watu wengi hunaswa kwenye hilo la kujifunga: kama ukikifungua ubapa unakaza mpaka ubonyeze kitu ndipo ukunjike, hakihesabiwi kuwa kisu cha mfukoni hata kiwe kidogo namna gani. Mahakama iliamua hivyo 1993. Cha aina hiyo unatakiwa uwe na sababu ya maana, kwa mfano unakwenda nacho kazini.

Mimi ninacho kidogo cha Uswisi, nakatia kamba za maboksi na kumenyea watoto machungwa tukiwa matembezini. Lakini vile vikubwa vya Uswisi vingine hujifunga, vikague kwanza kabla ya kununua.

Na tafadhali, usikibebe kwa ajili ya kujilinda. Nia hiyo peke yake inakigeuza kuwa silaha kisheria, hata kiwe kidogo.

Tochi beba tu, haina shida.