Kwa Anayeanza Utafiti wa Pumzi, Hisia na Kumbukumbu

Wewe unayejiunga na kazi hii, kabla hujamfundisha mshiriki yeyote, kaa mwenyewe mbele ya skrini, bana kihisio cha mapigo ya moyo kwenye ndewe ya sikio, pumua takriban mara 6 kwa dakika, na utazame mstari wa mapigo ya moyo ukipanda unapovuta hewa na kushuka unapoitoa. Katika kasi hiyo, ambayo hutofautiana kidogo baina ya mtu na mtu, mawimbi ya mapigo yanayoletwa na pumzi huoana na yale ya mfumo unaorekebisha shinikizo la damu, nayo hukua. Usivute hewa kwa nguvu, kwani anayepumua polepole lakini kwa kina kupita kiasi hupoteza kabonidayoksaidi nyingi na kushikwa na kizunguzungu.

Siku moja mshiriki aliinama kuokota kalamu, kihisio kikateleza, alama yake ya ukubwa wa mawimbi ikaruka juu, nami nikampongeza. Jioni nilipoipitia rekodi niligundua kwamba pigo moja halikunaswa, hivyo nafasi kati ya mapigo mawili ilikuwa imesomwa karibu mara mbili ya urefu wake. Tangu hapo siukubali wastani wowote kabla sijayapitia mapigo yenyewe kwa macho.

Kosa la namna hiyo hurekebishika. Kosa la kuchagua vibaya kundi la kulinganisha halina dawa. Anayefanya zoezi kila siku hukaa kimya, hufuatiliwa, hutarajia nafuu, na hayo peke yake yanaweza kubadilisha majibu yake. Ndiyo maana nauheshimu sana utaratibu wa timu ya Mara Mather wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, ambapo vijana 106 waligawanywa kwa bahati nasibu: kwa wiki 5 kundi moja lilijifunza kukuza mawimbi ya mapigo, na jingine nalo likafanya mazoezi ya kila siku kwa mrejesho wa kifaa, ila ya namna isiyoyakuza. Kipimo chao kikuu, yaani uhusiano wa amigdala ya kulia (amigdala ni sehemu ndogo ya ndani ya ubongo inayohusika na hisia) na sehemu ya mbele ya ubongo, hakikubadilika kwa kiwango cha kuaminika. Ule wa amigdala ya kushoto uliongezeka katika kundi la kwanza. Wasiwasi, sonona na hali ya hisia kwa jumla havikutofautisha makundi hayo. Nakusihi uyasome matokeo hayo yote kwa pamoja, kwa sababu picha ya ubongo iliyobadilika si ushahidi kwamba mtu anaitawala hasira yake vizuri zaidi nyumbani.

Kwenye kumbukumbu uangalifu unahitajika zaidi. Ukitumia orodha ileile ya maneno mwanzoni na mwishoni, utakuwa unapima mazoea. Andaa orodha mbili zenye ugumu sawa, na nusu ya washiriki waanze na ya pili. Amua mapema pia kama unauliza juu ya kupumua wakati wa kujifunza, au juu ya wiki kadhaa za mazoezi kabla ya kujifunza, maana la kwanza linahusu hali ya mwili wakati ule na la pili linahusu mabadiliko yanayodumu, na jaribio moja halitakujibu yote mawili.