Kuuza boti iliyotumika: mteja mwite siku za bamvua

Nimeuza vyombo kadhaa hapa Tanga kwa matangazo ya mtandaoni, bila dalali, na kila ninapoulizwa njia yake jibu langu ni lile lile: tazama mwezi kwanza. Picha humleta mteja hadi Sahare, ufukweni ninapouzia. Kinachomfanya atoe fedha ni maji.

Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Mteja akifika asubuhi hiyo, boti imelala mchangani na hakuna kinachofichika. Ataukagua mkuku, ule uti wa chini ya boti, atagonga ubao mmoja mmoja, atatafuta kalafati (pamba ya kuziba nafasi za mbao) iliyolegea na matundu ya wadudu. Mwache agonge. Akija na fundi wake ni bora zaidi, maana fundi akisema mataruma, yaani mbavu za boti, ni mazima, neno lake lina uzito kuliko langu. Jioni boti inaelea, mnatoka nayo, naye anaitazama ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapokusanyika, aone kwa macho yake kama boti inaingiza maji. Ukimwita siku za maji mafu, yasiyopwa wala kujaa sana, hatayaona yote hayo kwa siku moja. Ataondoka na shaka, na shaka hushusha bei.

Mashine usiiwashe kabla hajafika. Mnunuzi mzoefu huigusa mapema sana, na akikuta ina joto anajua ilisumbua kuwaka. Iwashe mbele yake ikiwa ya baridi, aone pia maji ya kupooza yakitoka vizuri. Namba ya mashine usiiweke kwenye tangazo. Mwonyeshe ana kwa ana pamoja na risiti. Mashine za boti huibwa, na mtu makini hanunui bila karatasi.

Kwenye tangazo lenyewe taja urefu, aina ya mbao, mwaka ilipoundwa na nguvu ya mashine. Ubao uliobadilishwa upige picha kwa karibu na uutaje. Mtu aliyelipa nauli kutoka Pangani au Pemba akakuta usichomwambia, hata yale ya kweli hatayaamini tena. Bei weka moja, chombo na mashine pamoja. Wengi watataka mashine peke yake. Ukikubali, boti itakuozea ufukweni.

Anayetaka kulipa haraka bila kuiona, halafu anaomba wewe utangulize hela kidogo ya usafiri au ya kukamilisha muamala, achana naye. Ujumbe wa simu si fedha: angalia salio mwenyewe. Kiasi kikubwa nendeni wote benki.

Muuziane kwa maandishi, mbele ya wakili au mwenyekiti wa mtaa, na mashahidi. Kisha mfuatilie jina libadilishwe, na hapa ndipo wengi huona uvivu: usajili TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, leseni ya uvuvi halmashauri, na BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe, cha diko lenu (mahali boti zinaposhushia samaki) wapewe taarifa. Pwani hii imeumizwa sana na uvuvi wa mabomu na magendo. Chombo kikikamatwa kikiwa bado kina jina lako, utakayetafutwa kwanza ni wewe, ingawa fedha umeshazila. Mimi hubaki na nakala ya kitambulisho cha mnunuzi na ya mkataba, na nakala nyingine ya mkataba naipeleka BMU siku hiyo hiyo, kabla boti haijaondoka.