Maswali ya Wasomaji: Sarafu ya Thamani Iuzwe Wapi?

Barua nilizochagua safari hii zinatoka kwa watu walioshika sarafu za zamani mkononi na wanaotaka kujua wazipeleke wapi. Majibu yanatofautiana kwa sababu sarafu zenyewe zinatofautiana: soko linalofaa ni lile lenye wanunuzi zaidi ya mmoja wanaoijua sarafu yako vizuri na walio tayari kuigombea.

Marehemu baba yetu ametuachia sarafu ya dhahabu ya mwaka 1916 yenye picha ya tembo. Sonara wa hapa mjini ameiweka kwenye mizani na kututajia bei. Je, tuuze? (Tabora)

Poleni kwa msiba. Msiuze bado. Sonara huyo hakuwaonea, kwa kuwa kazi yake ni kununua dhahabu, naye amepima kile anachokinunua. Sarafu hiyo ya rupia 15, ikiwa ni ya kweli, ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na kwa kuwa robo tatu tu ya madini yake ndiyo dhahabu, dhahabu halisi iliyomo haifiki gramu 5.4. Wanaoitafuta hawaitafuti kwa ajili ya gramu hizo. Ilipigwa na Wajerumani waliokuwa wakitawala, katika karakana ya reli karibu na mji wenu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza zilipokuwa zimeziba njia ya bahari na fedha haziwezi tena kuletwa kutoka Ujerumani. Zilitengenezwa elfu kumi na sita na ushei tu, na leo iliyo katika hali nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani.

Wakusanyaji wa sarafu za makoloni ya Kijerumani wengi wako Ujerumani kwenyewe, kwa hiyo ningeanza na kampuni ya mnada ya huko, kama Künker ya mjini Osnabrück, kisha nikaiandikia Spink ya London au Heritage ya Dallas ili nilinganishe. Tumeni picha safi za pande zote mbili na za ukingo, pamoja na uzito uliopimwa kwa mizani ya sonara hadi sehemu ya mia ya gramu. Makadirio ya awali ya namna hii kwa kawaida hayalipiwi. Wakijibu, waulizeni wanamkata muuzaji asilimia ngapi, kama watakubali kuweka bei ya chini ambayo sarafu haitauzwa bila kuifikia, ni nani atakayelipia bima ya safari, na malipo yatafika siku ngapi baada ya mnada. Kamisheni ya muuzaji hujadiliwa, hasa kwa kitu cha thamani kubwa, nanyi msione haya kujadiliana. Jueni pia kwamba mnunuzi naye hutozwa nyongeza juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho lililoshinda, mara nyingi karibu asilimia 20 au zaidi, na kila anayepandisha dau huwa ameshaihesabu kichwani.

Nawaomba mambo mawili kwa msisitizo. Sarafu hii hughushiwa sana, kwa hiyo msimwahidi mtu fedha yoyote kabla wataalamu hawajaishika. Na kwa kuwa ni mali ya mirathi, warithi wote waafikiane kwa maandishi kabla haijatoka nyumbani, maana kitu kidogo namna hii kimeshagawanya koo zilizokuwa zikipendana.

Nina rupia ya fedha ya mwaka 1888 iliyoandikwa Mombasa. Nimeshauriwa niing'arishe kwa ndimu na majivu, kisha niitangaze mtandaoni. (Likoni, Mombasa)

Tafadhali usiiguse kwa ndimu, majivu, dawa ya meno wala kitambaa kikavu. Weusi ule uliotanda juu ya fedha ni ngozi yake, na mkusanyaji huutazama kama ushahidi kwamba sarafu haikuchezewa. Ukishauondoa haurudi, na kampuni za kupima hali ya sarafu huandika kwamba imesafishwa, jambo linalopunguza bei papo hapo.

Sarafu hiyo ilitolewa na kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani kabla ya serikali ya kikoloni, nayo hutafutwa hasa Uingereza. Hata hivyo, usiifunge kwenye bahasha kesho. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kila kitu kinachohamishika kilichotengenezwa nchini au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na hati, na kitu cha namna hiyo hakitoki nje bila kibali. Anzia Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambao wako karibu nawe pale Fort Jesus. Kupata kibali huchukua muda, lakini sarafu yenye karatasi halali huuzwa bila wasiwasi, na iliyotoroshwa huweza kukwama forodhani na kukupotea kabisa.

Bibi yangu alitoka Pemba na riale kumi na mbili za Maria Theresa, zote za mwaka 1780. Je, nizipeleke mnadani? (Muscat)

Hapana, dada yangu. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na sarafu zake zikaendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo hadi karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hawakutaka nyingine. Nyingi zina thamani ya fedha iliyomo tu, gramu 28 hivi kila moja, zenye usafi wa sehemu 833 kwa 1,000. Hapa mizani yatosha: waulize wauza fedha watatu wa Matrah bei ya gramu siku hiyo, uchague. Kama kuna iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, mimi ningeibakiza nyumbani.

Nimerithi sarafu tatu za dhahabu za mwaka 1966 zenye sura ya Mzee Kenyatta, zikiwa katika kisanduku chake. Muuza sarafu wa hapa anataka kuzinunua leo leo. (Leicester, Uingereza)

Hesabu dhahabu kwanza. Zina gramu 7.6, 19 na 38, na usafi wake ni sehemu 917 kwa 1,000, kwa hiyo ndani yake mna gramu 59 za dhahabu safi. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Hiyo ndiyo sakafu, na anayekupa chini yake agana naye kwa heshima. Muuza sarafu hulipa papo hapo lakini hujiachia faida yake, ilhali mnada hukusubirisha miezi. Tafuta bei kwa wawili wengine, kisha uulize kampuni moja ya mnada. Usizitenganishe wala usikitupe kisanduku. Kuhusu kuzipeleka NGC au PCGS, kampuni za Marekani za kupima hali ya sarafu, zipewe alama kati ya 1 na 70, fanya hivyo ikiwa hazina mkwaruzo wowote, kwa maana ada na bima havirudi pale alama inapokuwa ya wastani.

Maji yakipwa huku kwetu huokotwa sarafu ndogo za shaba zenye maandishi ya Kiarabu. Watalii wanazitaka. (Kilwa)

Hizo zisiuzwe, ndugu yangu. Sarafu za masultani wa Kilwa ni za karne nyingi kabla ya mwaka 1863, ambao Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 imeuweka kuwa mpaka wa vitu vya kale. Bei ya mtalii ni ndogo, na mtafiti hupoteza kitu kikubwa zaidi pale sarafu inapoondoka bila mahali ilipookotwa kujulikana. Andikeni ni ufukwe gani, siku gani na zilikuwa ngapi, kisha mzifikishe kwa wasimamizi wa magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na maandishi hayo.