Fukua, si fufua

Mwanangu,

Salaam aleikum. Umeuliza: katika amri ya korti unayoitafsiri, "exhume" iwe kufukua au kuzikua? Andika kufukua.

Zikua limeundwa sawasawa: ziba, zibua, zika, zikua. Lakini halisikiki sana, na ndugu wa marehemu atakayesomewa amri asikwame kwenye kitenzi. Kiingereza kimeazima Kilatini, humus, yaani udongo: kutoa udongoni. Kwetu neno la korti ni lile lile la fundi anayefukua bomba lililopasuka, wala halipungukiwi heshima.

Kosa la kuogopa ni la herufi moja. Ukiandika "mwili ulifufuliwa" umemrudisha marehemu duniani, na wakili wa upande wa pili hatakuacha. Sema ulifukuliwa. Ulifukiwa nalo ni kinyume chake: kufunikwa udongo. Mtu huzikwa, hufukiwa mzoga, au maiti aliyefichwa bila kuoshwa wala kuombewa. Msituni Shakahola, kaunti ya Kilifi, walikofia wafuasi wa mhubiri aliyewafunza kufunga hadi kufa, mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na kwa mingi ya hiyo "kuzikwa" ni neno la hisani.

Kuchimba kaburi ni kuandaa jipya. Kufukua kaburi ni kurudia lililokwisha kufungwa. Mwili ukiwa bado mwili, umefukuliwa. Ikibaki mifupa, mabaki yamefukuliwa. Kazi hiyo inakoma mwili unapotoka. Kuupasua na kuuangalia ni uchunguzi wa maiti, usivichanganye.

Angalia pia kibali na amri. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura 242, inakataza kufukua bila kibali, na kibali hupewa msimamizi wa mirathi au ndugu wa karibu. Hakimu anayetafuta chanzo cha kifo yeye hutoa amri.

Waislamu wengi hapa Mombasa ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na kwao kufukua kaburi ni haramu ila kwa dharura, kama maiti alizikwa bila kuoshwa au hakuelekezwa kibla, na hajaharibika. Kwa hiyo sababu ya korti isiachwe nje ya tafsiri hata kama imejificha mwisho wa ukurasa. Na mchimbaji akitoa ushahidi atataja mwanandani, ule upenyo wa ubavuni mwa kaburi alimolazwa maiti, na viunza, mbao za kuuziba. Usiandike mbao za jeneza: jeneza la Waislamu hubeba maiti hadi makaburini, likarudi msikitini.

"Kufukua makaburi" kwa maana ya kuchokoa mambo ya kale, liache barazani.

Sentensi yako basi: "Korti inaamuru mwili wa marehemu ufukuliwe, ufanyiwe uchunguzi ili kujua chanzo cha kifo, kisha uzikwe tena." Isome kwa sauti kabla haijapigwa muhuri, hiyo k isije ikapotea.

Babako,
Kibokoni