Marashi ya Maua Laini: Mbona Harufu Haikai?

SWALI: Mhariri, natumia marashi ambayo lebo yake inasema ni ya hanisako, lile ua la mmea utambaao lenye harufu inayokaribia asali. Dukani yalinivutia mno, lakini nikijipulizia asubuhi, baada ya saa moja siyasikii tena. Rafiki yangu anasema ni bandia, kwa sababu mafuta halisi ya ua hilo yangedumu. Je, ni kweli? Na ni maua gani mengine yenye harufu ya upole, maana harufu nzito huniumiza kichwa?

JIBU: Dada msomaji, rafiki yako anakutakia mema, ila hoja yake haisimami. Hanisako, ambalo wataalamu wa mimea huliita Lonicera, ni ua lenye harufu kali hasa jioni, yaani giza linapoingia na nondo wanapotoka kutafuta nekta, lakini ukilichemsha kwa mvuke kama wafanyavyo kwa waridi, karibu hupati mafuta yoyote. Kwa hiyo karibu kila chupa yenye jina hilo imetungwa na fundi, akichanganya viambato vinavyokumbusha asumini, ua la mchungwa na asali kidogo, hadi pua ikubali kwamba hili ndilo ua lenyewe. Huo si udanganyifu. Nyinyoro ya mabondeni, lile ua dogo jeupe lenye umbo la kengele, nayo haitoi mafuta, na bado Edmond Roudnitska, fundi wa marashi wa Kifaransa, aliitungia Diorissimo mwaka 1956, marashi ambayo hadi leo hutajwa kuwa mfano bora wa harufu hiyo.

Sasa kuhusu kupotea. Viambato vinavyotoa ule ubichi wa maua ni vyepesi, navyo huruka mapema, lakini mara nyingi kinachochoka kwanza ni pua yako, kwa kuwa ubongo huacha kuijali harufu isiyobadilika. Kabla ya kuilaumu chupa, jipulizie mkononi, toka nje kwa nusu saa, kisha urudi unuse; au muulize mtu aliyeingia chumbani wakati huo huo. Angalia pia maandishi ya chupa: Eau de Toilette kwa kawaida huwa na manukato ya asilimia 5 hadi 15, na Eau de Parfum 15 hadi 20. Ngozi iliyopakwa losheni isiyo na harufu huyashika marashi kuliko ngozi kavu.

Kwa kichwa chako, tafuta nyinyoro, piyoni au waridi jepesi. Asumini nzito ningekushauri uiepuke, kwani ndani yake mna indoli, kiambato ambacho (usishtuke) hupatikana pia katika kinyesi, na kikizidi huleta uzito ule unaokusumbua. Usiamue kwa karatasi ya kujaribia dukani. Acha marashi yakae kwenye ngozi yako saa kadhaa ndipo ulipe.

Mwisho, chupa isikae dirishani wala bafuni. Mwanga na joto huyaharibu marashi, na linaloli, kiambato cha harufu kilichomo katika mengi ya maua haya, kikikutana na hewa kwa muda mrefu hugeuka kuwa kitu kinachoweza kuwasha ngozi. Kichwa kikiendelea kuuma hata kwa harufu hafifu, yaweke kando na umwone daktari.