Jibu: Nibaki idara ya sheria au nihamie kampuni binafsi?
Salamu dada. Umeuliza kama mwanasheria wa shirika la umma anaweza kufika juu bila kuhamia kampuni binafsi. Anaweza. Mtazame Rebecca Miano: aliingia KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme Kenya ambayo sehemu kubwa ni ya serikali, mwaka 1998 akiwa mwanasheria, akawa katibu wa kampuni (ofisa anayesimamia shughuli za bodi na kuhakikisha kampuni inafuata sheria), akaiongoza kuanzia 2017, na 2022 akateuliwa waziri.

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, angalia kwanza nani anaandaa makabrasha ya bodi hapo kwenu. Jipenyeze huko, hata kama ni kazi ya kukesha. Mimi hesabu za kampuni nilizielewa kwenye makabrasha hayo, si darasani. Halafu fanya mitihani ya ukatibu wa kampuni ya KASNEB, bodi ya Kenya ya mitihani ya kitaaluma. Shahada ya pili inaweza kusubiri, ingawa wengi humu watabisha.